Ngoma Isiyo na Ngozi

Mara ya kwanza kusikia ngoma isiyopigwa na mtu nilikuwa Iringo, mjini Musoma, nje ya duka la kurekodi kaseti. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa, serikali ilipofungua biashara. Sabuni na sukari zilikuwa zimerudi madukani baada ya zile foleni, na pamoja nazo zikaja kaseti za kuvushwa mpakani. Wimbo wenyewe haukuwa na gitaa. Kulikuwa na mlio mzito wa chini, kama gunia la pamba linalodondoshwa sakafuni, kisha "pa" kavu, kama nguo iliyolowa ikipigwa kwenye jiwe kule ziwani. Juu yake kiligonga kitu chembamba, mfano wa kengele ya ndama. Nilisimama nikingoja mpigaji akosee. Hakukosea. Mwenye duka aliniambia hakuna mpigaji, ni mashine, na kwamba vijana wa Marekani wanaicheza wakijizungusha chini kwa migongo.

Nilikwenda kumsimulia mama mdogo, mdogo wake mama yangu, kwa sababu yeye ndiye alikuwa mpiga ngoma wa kwaya yetu ya Mwisenge. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza tangu ujana na hakuweza kuimba hata pambio. Ngoma ndiyo iliyompa kiti katika kwaya. Kila Jumapili alfajiri aliwasha moto wa nyasi nyuma ya kanisa na kuipasha ngozi, maana unyevu wa ziwa huilegeza, na ngoma iliyolegea aliiita ngoma inayosinzia. Sisi waimbaji alitufundisha sheria moja: ukipotea usimtazame mwalimu, fuata ngoma, ngoma haipotei. Sheria hiyo tuliishika kuliko maneno ya nyimbo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza hiyo mashine inapashwaje.

Muda si mrefu mwalimu wa kwaya naye akaisikia mashine. Ndugu yake aliyekuwa akipiga kinanda hotelini Nairobi alikuja likizo kwao Butiama, akaja na kinanda chenye ngoma ndani. Kwaya za mjini zilikwisha kuanza kurekodi kwa vinanda vya namna hiyo, na sisi tulikuwa tunajiandaa kwa mkutano wa kwaya kule Bunda. Mwalimu hakuwa na uwezo wa kununua kinanda, lakini alikuwa na wazo. Tungerekodi mapigo ya kinanda cha ndugu yake kwenye kaseti, kisha tuimbe tukifuata kaseti. Mbele ya kwaya nzima alisema kwamba ikifaulu Bunda, ngoma itawekwa stoo, kwani haiwezekani kwaya moja iwe na mapigo mawili. Hakusema kwa ubaya. Mama mdogo alikuwa ameketi na ngoma yake magotini.

Hata hivyo, tulipokwenda Butiama kurekodi, mwalimu alimchukua. Alihitaji mtu wa kusema mwendo wa wimbo. Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya redio kaseti yangu. Kinanda kiliwekwa mezani, redio ikatazamana nacho, milango ikafungwa. Mpiga kinanda alibonyeza kitufe, na ule mlio wa Iringo ukajaa chumbani.

Mama mdogo alizunguka meza. "Huyu mpigaji amekaa upande gani?" aliuliza, tukacheka, na yeye akacheka nasi.

Yule mpiga kinanda alipenda kueleza. Alisema mashine za kwanza zilitengenezwa ili mwanamuziki aliye peke yake apate cha kufanyia mazoezi. Wapigaji wakubwa walizidharau kwa kuwa hazikufanana na ngoma ya kweli, zikaishia kuuzwa kwa bei ya mitumba, na hapo ndipo vijana wasio na bendi wakazichukua na kuzitungia muziki wao.

"Kwa hiyo ilianzia kwa kukosa mtu," mama mdogo alisema.

Tulirekodi mara moja tu. Katika ubeti wa tatu jogoo wa nyumba ya jirani aliwika, akaingia kwenye kaseti. Mwalimu alitaka turudie, lakini umeme ulikatika papo hapo, na jogoo akabaki.

Wiki iliyofuata tulifanya mazoezi kila jioni. Mama mdogo alikuja, akakaa mwisho wa benchi la wanawake, mikono mapajani. Niliona vidole vyake vikitembea. Nilidhani anaipiga ngoma yake kimya kimya, na nikamhurumia. Betri zilipoanza kuchoka, mwalimu aliweka nyingine mpya kutoka dukani. Ruksa ilikuwa imeleta betri za kila rangi, lakini nyingi zilikufa upesi kuliko zile chache za enzi ya foleni. Zilipochoka nazo, tulifanya kama kila nyumba ilivyofanya: tulizianika juu ya bati. Jua huirudishia betri nguvu kidogo. Hatukujiuliza kidogo hicho ni cha nyimbo ngapi.

Kanisa la Bunda tulilopangiwa halikuwa na umeme. Lilijaa wakulima wa pamba na wafugaji waliotoka vijijini. Mwalimu aliweka redio juu ya stuli mbele yetu, akabonyeza. Mapigo yalitoka vizuri na tukaanza. Watu walinyoosha shingo kumtafuta mpigaji. Ubeti wa kwanza ulituinua.

Katika wa pili niliona pumzi yangu haitoshi. Mstari niliozoea kuumaliza kwa pumzi moja ulinitaka mbili. Mwenzangu wa besi alinitazama. Betri zilikuwa zinakufa, kaseti inapunguza mwendo, na sisi tunapungua nayo. Kwaya nyingine yoyote ingeiacha kaseti na kuendelea. Sisi tulikuwa tumefundishwa kwamba ngoma haipotei. Tuliifuata kwa uaminifu, sauti zote nne, kama watu wanaomfuata kipofu mtoni. Mlio wa gunia ukawa mngurumo, na "pa" ikawa "puu". Ubeti wa tatu ulipofika, jogoo wa Butiama aliwika kwa sauti ya dume la ng'ombe.

Mzee mmoja wa mbele, mfugaji kwa mavazi yake, alisema bila kunong'ona, "Huyo anataka maji," na mabenchi ya nyuma yakaanza kutikisika kwa kicheko.

Hapo mwalimu aligeuka. Alimtazama mama mdogo, nasi tukamtazama. Ngoma ilikuwa Mwisenge. Mama mdogo alisimama, akapiga makofi. Hakupiga mapigo yake ya siku zote, yale ya kuviringika. Alipiga ile "pa" ya mashine, kavu, mahali pake, kwa mwendo wa Butiama, na mguu wake ukashuka kwenye ubao wa sakafu pale lilipotakiwa gunia. Ndipo nilipoelewa vidole vile vilikuwa vikijifunza nini wiki nzima. Tulirukia kwake. Mwalimu aliizima redio. Wanawake wa Bunda walidaka makofi, na wimbo ukaisha ukiwa wima.

Kwenye lori la kurudi mwalimu alikaa karibu na mama mdogo. Tulipokaribia Musoma alimwambia, "Mama, ngoma haiendi stoo."

"Haiendagi," alijibu. "Ila naomba Jumapili usinipangie namna ya kuipiga."

Jumapili ile niliwahi kanisani. Nilimkuta nyuma, ameketi kando ya majivu ya zamani, ngoma ikiwa magotini. Ukungu ulikuwa bado juu ya ziwa na ngozi ilikuwa imelegea kabisa. Nilimuuliza kama amekosa kiberiti. Alinionyesha kiberiti mfukoni. Kisha akaipiga ngoma katikati kwa kiganja, mara moja, ikatoa ule mlio mzito wa chini niliousikia Iringo, wa gunia linalodondoka.

"Sikia," alisema. "Nimeinyima moto."

Wazee walilalamika siku hiyo kwamba ngoma imesinzia. Sisi tuliifuata.