Chumba cha Mzee kule Marani

Ofisi yetu ya kuchora ramani za nyumba ilikuwa mjini Kisii, juu ya duka la vitambaa. Mwenye ofisi, msanifu majengo wa Kihindi aliyezaliwa papo hapo mjini, alikuwa na ugonjwa wa maswali. Kwa nini jiko lenu liko nje? Huu mlango mdogo wa nyuma ni wa nani? Mimi, mchoraji wake pekee, nilimjibu harakaharaka nirudi kwenye rula yangu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, na kichwa kilikuwa kimenivimba.

Ndipo akaniachia nyumba nzima niichore peke yangu. Mwalimu mmoja wa Marani alitaka nyumba ya matofali, na babake, mjane, ahamie humo, maana kibanda cha mzee kilivuja na kila masika alikohoa vibaya. Nikachora chumba cha mzee ubavuni mwa chumba cha mwalimu na mkewe: korido moja, bafu moja. Niliupenda mchoro ule, nikawa nauangalia hata nikinywa chai.

Siku ya kupima, mimi na mkubwa wangu tulipigilia vigingi, tukafunga kamba kuonyesha kila chumba. Mzee akaingia na mkongojo wake.

"Hii chumba ni ya nani?"

"Yako, mzee."

"Na hii?"

"Ya mwalimu na mama watoto."

Akasimama. Akarudi kinyumenyume mpaka nje ya kamba.

"Kijana, wewe ni Omogusii kweli?"

Mimi, Mkisii wa kuzaliwa, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba mkwe apishane na mke wa mwanawe kwenye korido, wakienda kuoga! Miiko hiyo ya heshima, chinsoni, niliijua tangu utotoni. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Mimi sikuiacha, niliisahau kwa kupenda korido. Hata mwalimu aliuona mchoro akanyamaza, maana ni aibu kulitaja jambo lenyewe.

"Afadhali kibanda changu kivuje," mzee akasema.

Nilingoja kufukuzwa kazi. Badala yake mkubwa wangu akamsogelea mzee, macho yaking'aa. "Nifundishe, mzee. Ukae mbali kiasi gani?"

Mzee hakujua futi. Alimsimamisha mjukuu wake wa kike kwenye kamba ya jikoni, akamwambia aimbe, kisha akaanza kurudi nyuma katikati ya mahindi, polepole, ametega sikio. Tulimfuata. Hata mimi nilijikuta nimetega langu.

"Maneno ya wakubwa sitaki kusikia," alisema. "Ya watoto nataka."

Penye mgomba akachomeka mkongojo udongoni.

Nikanyoosha utepe kutoka jikoni: futi arobaini na tatu. Nyumba ndogo ya mzee ijengwe hapo, mlango wake utazame upande mwingine. Nilipoinua macho nimwambie, mzee alikuwa amefumba yake, anamwitikia mjukuu wimbo. Nikajua nyumba yangu ya kwanza imepata mtu wa kukaa ndani.