Muuguzi Aliyengoja Mtoto Ajibu

Zamani mtoto alijifunza kusema kwa kupokezanwa mikononi mwa shangazi na bibi. Siku hizi, mzee mmoja alinung'unika kwenye benchi la kliniki, baba mzima anafundishwa na muuguzi kuongea na mwanawe. Lakini mjukuu wake wa kike alikuwa kimya mno, na mzee alihofia ni bubu. Muuguzi alisugua kwanza viganja vyake vipana vipate joto. Hakumweka mtoto yeyote kwenye mizani kabla mzazi hajamsalimia na kungoja jibu.

"Mdogo ndiye huamkia!" mzee akafoka.

"Basi mfundishe nyumbani, babu," muuguzi akajibu. "Leo zamu ya baba."

Baba wa mtoto, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa akitokwa jasho. "Nimwambie nini? Hajibu!"

"Mkeo akinuna anajibu? Mbona unambembeleza?"

Kina mama kwenye benchi wakaangua kicheko. Fundi akainama, akamsimulia binti yake habari za geti alilolichomea kombo, kisha akangoja jibu. Mtoto akamkazia macho, midomo ikamcheza. "Bu!"

Mara ya mwisho mzee kumwona muuguzi yule, miezi kadhaa baadaye, alikwenda kliniki kumshukuru, akamkuta mjukuu, aliyetangulia na baba yake, amekalia mapaja ya muuguzi, anabwabwaja bila kituo.

"Subiri, babu," muuguzi alinong'ona. "Mwenzio hajamaliza."

Mzee akavua kofia, akasubiri.