Ubingwa wa Kupewa

Tangu aliposhinda fainali ya taifa ya tenisi ya wanawake kule Seoul, akiwa binti wa miaka ishirini na mmoja, Ban Gyeong-ae hakuitwa tena kwa jina lake mjini Seondong. Muuza nyama alimwita Bingwa, dereva wa basi alimwita Bingwa, hata wifi yake, ambaye hawakupikika chungu kimoja, alimwita Bingwa kila alipotaka kumchokoza. Picha yake akiwa amepiga magoti uwanjani, mikono juu, ilitundikwa kwenye lango la sekondari ya wasichana. Ikapauka kwa jua, ikabadilishwa, ikapauka tena.

Uchezaji wenyewe haukudumu. Goti la kushoto lilimwasi mapema. Akapasuliwa mara mbili, na mara ya pili akatoka hospitali akichechemea. Shule ikampa kazi ya ukocha, kwa ajili ya ile picha zaidi kuliko jambo lingine lolote. Aliifanya kwa roho moja. Asubuhi yeye mwenyewe ndiye aliyevuta gogo la chuma la kushindilia udongo wa uwanja, kabla wasichana hawajafika. Mzee Gu, kocha aliyemlea, alikuwa akiwatandika wachezaji mapajani kwa mpini wa raketi, pale ambapo sketi huficha. Gyeong-ae hakumgusa mtoto wa mtu hata siku moja. Ila ulimi alikuwa nao.

"Miguu hiyo umeazima?" alikuwa akimwambia msichana mzito. "Basi mrudishie mwenyewe, uje na yako."

Mumewe alivumilia miaka kadhaa, kisha akaondoka. Alisema alitaka mke na akapewa uwanja wa tenisi.

Hapo ndipo alipoingia Noh Da-som, msichana mrefu, mkimya, mwenye mkono wa kushoto ambao Gyeong-ae alikuwa ameusubiri maisha yake yote ya ukocha. Mama yake alikuwa Pyo Mal-suk, yule yule ambaye Gyeong-ae alimfunga katika fainali ya Seoul. Mal-suk alikuwa ameolewa na mkulima wa matufaha wa Seondong, akafiwa, akafungua kibanda cha supu ya utumbo nyuma ya soko. Wanawake wale wawili waliheshimiana kwa mbali. Fainali ile hawakuwahi kuizungumza.

Katika mwaka wa mwisho wa Da-som shuleni, mwalimu mkuu alimwita Gyeong-ae ofisini, akamkaribisha chai ya shayiri na kufunga mlango.

"Bingwa, fainali ya mkoa itakuwa kati ya wasichana wetu wawili, sivyo? Da-som na Chae-yun."

"Wakifika. Da-som atafika. Chae-yun, tuombe Mungu."

"Basi. Mzee Seok angependa binti yake achukue kombe hilo. Akiwa nalo, chuo kikuu watampokea kwa michezo. Na shemeji yake Mzee Seok ni mkurugenzi kwenye ile benki yenye timu ya tenisi. Da-som ataajiriwa. Akistaafu tenisi anakaa dirishani, anahesabu fedha za watu mpaka uzeeni. Sasa niambie, nani anaumia hapo?"

Mzee Seok ndiye mwenye maghala ya baridi ya matufaha, na ndiye aliyeijengea shule uwanja wa ndani. Gyeong-ae aliinuka bila kugusa chai. Alikwenda moja kwa moja kwa Mal-suk, akijua mama mtu atawaka moto.

Wateja wa mchana walikuwa wameondoka. Mal-suk alikuwa amekaa kwenye jukwaa la mbao, akimenya vitunguu saumu kwenye beseni. Gyeong-ae akamweleza yote kwa pumzi moja. Mal-suk hakuacha kumenya.

"Ninajua," alisema. "Walikuja kwangu kwanza. Nimekubali."

"Mama Da-som, umesikia nilichosema? Wanataka mwanao ashindwe makusudi."

"Nimesikia. Ashindwe, apate kazi. Wewe unadhani hiki kibanda atakirithi kwa furaha? Mikono yangu hii inanuka utumbo hata kanisani."

"Mtoto huyu anaweza kufika Seoul. Anaweza kufika mbali kuliko mimi."

"Kuliko wewe," Mal-suk alirudia, na safari hii kisu kilisimama. "Hebu kaa chini, Gyeong-ae."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Gyeong-ae akakaa.

"Ule mpira wa mwisho, unaukumbuka?"

"Uligonga wavu."

"Niliugongesha. Mzee Gu alikula meza moja na kocha wangu usiku wa kuamkia fainali. Mkoa wenu ulikuwa unataka bingwa, wetu ulikuwa unataka nafasi mbili kwenye timu ya kiwanda cha nguo. Mimi nikapata moja. Mshahara ule ndio uliomtibu baba yangu. Sikukuchukia, usinielewe vibaya. Wewe hukujua kitu. Ulivyopiga magoti na kulia pale, nilikuonea huruma."

"Ningekufunga hata hivyo," Gyeong-ae alisema.

"Labda," Mal-suk alisema, akarudia vitunguu vyake. "Hatutajua. Seti ya kwanza nilikufunga, na hiyo nilicheza kweli."

Gyeong-ae alirudi nyumbani kwa miguu, goti likimuuma. Mzee Gu alikuwa amekwisha kufa, hakuna wa kumwuliza. Siku zote zilizofuata aliirudia mechi ile kichwani, mpira kwa mpira, akitafuta pigo hata moja ambalo lilikuwa lake bila shaka, na kila alilolishika liliteleza. Akipita langoni aliinamisha kichwa. "Bingwa, umepoteza sarafu?" muuza nyama alimtania.

Fainali ya mkoa ilichezwa msimu wa kuvuna matufaha. Asubuhi hiyo alimkuta Da-som nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo, akifunga upya mpini wa raketi.

"Mama ameniambia la kufanya," msichana alisema bila kuinua macho. "Nimeshakubali, Kocha. Usinipe shida."

"Mimi ni kocha wako. Nakuambia cheza."

"Na kazi?"

"Utapata nyingine. Ukicheza hivyo utachukuliwa na timu yoyote."

Da-som alimtazama sasa. "Unasema hivyo kwa ajili yangu, au kwa ajili yako? Mama alinieleza habari ya Seoul."

Gyeong-ae angeweza kusema uongo mzuri hapo, na alitafuta mmoja. "Cheza tu," alisema mwishowe. "Ukiuuza huu mchezo, usije tena kwenye uwanja wangu."

Da-som alicheza. Alicheza kama mtu anayekung'uta vumbi la zulia, kwa hasira, akimkimbiza Chae-yun kona hadi kona mpaka mtoto wa watu akaanza kulia katikati ya mchezo. Seti mbili, chini ya saa moja. Mzee Seok aliondoka kabla ya makofi. Mal-suk alibaki amekaa peke yake kwenye benchi la juu, mikono mapajani, na Gyeong-ae alipomtazama aligeuza uso.

Yaliyofuata hayakuchelewa. Benki haikumwajiri Da-som. Timu nyingine zilizokuwa zikimpigia simu zilinyamaza, kana kwamba zote zilikuwa na shemeji mmoja. Mkataba wa Gyeong-ae ulipokwisha shule haikuuongeza, na kocha mpya akaja na picha ya kwake. Gyeong-ae alihamia Daegu, akawa anafundisha akina mama wa majumba ya ghorofa kurusha mpira upande wa pili wa wavu, nao wakisifiwa wanaleta viazi vitamu vya kuchoma.

Miaka kadhaa baadaye alimkuta Da-som kwenye duka kubwa la chakula huko huko Daegu, amevaa aproni, akipanga pakiti za tofu ya soya. Walisimama wakitazamana, mikokoteni ya wateja ikiwapita.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Bado anapika supu. Jina lako halitajwi."

"Bado unacheza?"

"Hapana." Da-som alinyoosha safu ya pakiti ambayo ilikuwa imenyooka tayari. "Siku ile nilifurahi, Kocha. Nilipomfunga yule mtoto wa Seok nilifurahi mno. Kama nisingefurahi, ningeweza kukuchukia vizuri."

Gyeong-ae alitaka kusema anasikitika, lakini neno lililomjaa kifuani halikuwa hilo. Alikuwa akimwonea wivu. Msichana huyu mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji baridi alikuwa na siku moja ambayo hakuna mtu angeweza kuja kumnyang'anya. Akachukua pakiti moja ya tofu ambayo hakuihitaji.

"Karibu tena, mteja," Da-som alisema, kama walivyofundishwa kuwaambia wote, akainama kidogo na kurudi kwenye kazi yake.