Nilimwachia Shemeji Taa za Breki Zisizozimika

(Mwenye barua hii ni msomaji wetu wa Nyanza Kusini. Jina lake tunalo, ametuomba tulifiche.)

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na saba. Nina mke, watoto sita, kitambi, na gereji ya mabati matatu hapa Uriri. Kama unasoma ukiwa Uriri na tayari umenitambua, kunywa chai yako unyamaze. Nina jambo linaloninyima chakula, na mngeniona mngejua mwili huu haujazoea kunyimwa.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, anauza nyavu Homa Bay. Tangu tupate Uhuru, yeye ndiye wa kwanza katika ukoo kununua gari. Mwaka jana alilileta kwangu. Taa za breki zilikuwa zinawaka wakati wote, ukanyage usikanyage, na kila asubuhi betri imekufa. Nikamwonyesha ugonjwa. Juu ya pedali kuna swichi ndogo: ukikanyaga inaruhusu umeme uende kwenye taa, ukiachia springi yake inaukata. Springi hiyo ilikuwa imechoka.

"Shemeji, acha gari siku nne niagize swichi Kisumu."

"Siku nne? Gari likiingia kwako linazeekea hapa," akajibu, akaondoka nalo.

Wiki hiyo hiyo lori la pamba lilimgonga kwa nyuma kwenye mteremko wa kuingia Homa Bay. Dereva wa lori aliapa kwamba hakuona taa yoyote nyekundu. Dada yangu alikuwa ndani, akavunjika mkono. Na shemeji, Jumapili iliyofuata, akasimama kanisani akasema, "Fundi aliyeshika breki zangu ni damu ya mke wangu mwenyewe. Sitasema mengi."

Kweli hakusema mengi. Hayo machache yalitosha. Wateja wakaanza kupita mbele ya gereji yangu wakitazama upande mwingine. Dada yangu, ambaye nilimbeba mgongoni akiwa mtoto, akatuma neno nisifike kwake tena.

Sasa sikieni. Mwezi uliopita, siku ya soko, sajini wa polisi alilisimamisha gari lile hapa Uriri. Taa za breki, hakuna hata moja. "Halitoki hapa mpaka ziwake," akasema. Na gereji iliyokuwa karibu ilikuwa ya nani? Shemeji akaingia na suti yake ya kijivu, jasho shingoni.

"Labda ni balbu tu, shemeji," akasema bila kunitazama.

Balbu zilikuwa nzima. Fyuzi nzima. Nikaingiza kichwa chini ya dashibodi, kitambi kikabaki nje, nikaona palepale: waya mmoja wa swichi umechomolewa, na ncha yake imefungwa kwa uzi wa nailoni, ule wa kushonea nyavu. Aliuchomoa mwenyewe ili betri isife, halafu akanisingizia mimi mbele ya madhabahu.

Ningemaliza kazi kwa dakika mbili. Badala yake nikaenda nyuma ya gari, soko lote likitazama, nikapaza sauti, "Kanyaga!"

Akakanyaga.

"Achia! Kanyaga tena! Kwa nguvu, shemeji, ama leo hukula?"

"Yawa, fundi, mwache mtu wa watu apumue!" mama mmoja muuza dagaa wa omena akapiga kelele, wenzake wakaangua kicheko.

Yeye alijua waya umetoka. Mimi nilijua. Alijua kwamba ninajua, na hakuweza kusema neno. Nilimkanyagisha karibu saa nzima, na sitawadanganya, ilikuwa tamu kuliko samaki ngege wa kukaanga.

Kisha nikaurudisha waya, nikaukaza mahali ambapo mkono wake mnene haufiki. Swichi mpya sikuweka. Sajini akasema kanyaga, taa zikawaka, akaridhika akaenda zake. Hakuna aliyesema achia. Hapo ndipo watu wengi hukosea: wanatazama kama taa inawaka, hawatazami kama inazimika. Shemeji alijua vizuri kwamba hazitazimika, lakini angelalamika angelazimika kueleza kwa nini aliuchomoa ule waya. Nikamwambia kwa upole, "Safiri salama, nisalimie nyumbani."

Wiki tatu nilicheka peke yangu. Kila msafiri aliyetoka Homa Bay nilimuuliza, "Lile gari limewaka leo?" Naambiwa, limesukumwa. Nacheka tena.

Mpaka wiki iliyopita. Mteja mmoja, katika wale wachache waliobaki, akaniambia, "Fundi, dada yako ana nguvu! Mume anakaa kwenye usukani, yeye ndiye anasukuma. Mkono mmoja, ule uliovunjika bado ameukunja kifuani."

Sijacheka tangu hapo.

Swichi mpya niliyoagiza siku ile ile imefika kutoka Kisumu. Mke wangu anataka niipeleke, niifunge, nirudi kimya. Ana sababu. Ng'ombe walioletwa kumwoa dada yangu ndio niliowapeleka kwao Kisegi kumwoa yeye. Ndivyo tunavyooana huku. Dada akijua ukweli akamwacha yule bwana, ng'ombe watadaiwa. "Baba Odhiambo," akaniambia, "ukitaka kulipiza kisasi, usilipize kwa ng'ombe walionileta mimi." Lakini nikinyamaza, dada yangu atazeeka akiamini kwamba ni mimi niliyemvunja mkono, na yule mwongo ataendelea kukaa kiti cha mbele kanisani. Bado namtaka aaibike, sifichi. Nataka aaibike mchana, watu wakiwa wengi.

Jumamosi naenda Homa Bay, anitake asinitake. Ninyi mnaosoma, nipeni maneno, maana yangu yamekwisha. Dada akifungua mlango, nimwambie lipi kwanza: kwamba mumewe alimdanganya, au kwamba wiki zote hizi alichokuwa akisukuma ni hasira yangu mimi?