Macho ya Mtoto Yalipogeuka Manjano

Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia nyumbani, Kimanga, wiki ambayo askari walijaa barabarani na hakuna aliyethubutu kwenda maternite, hospitali ya uzazi. Mama mkwe ndiye aliyempokea. Siku ya pili niliona weupe wa macho yake umegeuka manjano.

"Ni ile mawese ulikula ukiwa na mimba," mama mkwe akasema. "Watoto wengi banakuwaka hivi. Itaisha."

Kesho yake manjano ilikuwa imefika nyayoni. Mtoto alilegea, hataki ziwa, nikimfinya kidole halii. Nilimfunga kifuani. Mama mkwe alijitanda kitenge akatangulia njia ya hospitali.

Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, askari alituamuru tufunue mtoto. Alipomwona alirudi nyuma.

"Iko na ugonjwa gani?"

"Sijue," nikajibu.

Akatupungia mkono tupite haraka. Hofu ya yule mwenye bunduki ilinizidishia yangu.

Hospitalini muuguzi alimbonyeza paji la uso, kisha kifua, kisha mguu, akitazama rangi inayobaki chini ya kidole. Alinieleza kwamba damu ya mtoto mchanga ikivunjika hutoa rangi hiyo, na ini lake bado changa, haliwezi kuiondoa yote.

"Ikiwa kidogo, haina shida," alisema. "Ikiwa mingi, inapanda mu bongo. Inaweza kuua, ao kuharibu masikio. Weye kamua maziwa, tumupe na kijiko."

Walimlaza uchi chini ya taa ya buluu, macho yamefunikwa. Taa ilitegemea jenereta, na mafuta yalikuwa haba. Kila jenereta ilipokohoa na kunyamaza, mimi na mama mkwe tulishikana mikono bila kutazamana, mpaka ngurumo irudi.

Manjano ilipungua polepole kuanzia miguuni. Siku aliyonyonya mwenyewe, kwa nguvu, mama mkwe alitoka nje kulia.

Tulirudi nyumbani, lakini neno masikio halikuniacha. Kwa wiki nyingi nilipiga makofi nyuma ya kichwa chake. Mara alitikisika, mara hapana. Nilimkuta mama mkwe naye akigonga sahani karibu yake, akajifanya anaiosha.

Asubuhi moja risasi zililia upande wa Kavimvira. Majirani walikimbilia ndani. Mtoto, aliyekuwa amelala mapajani mwangu, aliruka, akakunja ngumi, akalia kwa sauti kubwa. Mama mkwe alinitazama.

"Amesikia," akasema.

Tukalala sakafuni, tumemweka katikati yetu, nikimshukuru Mungu kwa kilio kile.