Ushahidi wa Mwanaidi Mfua Nazi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, miaka michache kabla ya uhuru, maringo yangu yalipokaribia kumpeleka jela mtu asiye na hatia.

Nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo na diploma. Kijijini kwetu, pwani ya kaskazini ya Tanga, hakuna aliyeipata kabla yangu, nami sikuipata kwa mali ya baba. Niliipata kwa kibatari na ukaidi. Liwali, mtawala na hakimu wetu, akanifanya karani wa baraza lake, niwe nikiwahoji mashahidi. Nilivaa tai hata jua la saa sita.

Hamisi, mkwezi wa minazi, alishitakiwa kuiba nazi za tajiri wake. Msimamizi wa shamba, Bwana Sefu, aliapa kwamba alimwona. Mke wa Hamisi, mwenye mimba pevu, alileta shahidi mmoja tu: Mwanaidi, mwanamke mzima aliyewafulia watu nazi, akizitoa makumbi, lile ganda la nje lenye nyuzi. Akili yake ilikuwa nzito tangu kuzaliwa. Hata umri wake hakuujua.

Nikasimama, nikakaza tai.

"Ulimwona Hamisi akiiba?"

"Ndiyo, bwana."

"Au aliyeiba ni Sefu?"

"Ndiyo, bwana."

"Au ni Liwali mwenyewe?"

"Ndiyo, bwana."

Baraza zima likaangua kicheko. Nikamwambia Liwali ushahidi wa punguani haufai kuandikwa.

Mzee Mbaruku, mmoja wa wazee wa baraza, hakucheka. "Karani, hiyo tai imekuziba masikio? Huyu kafunzwa tangu utotoni kumwitikia mkubwa. Umemuuliza, au umemtilia maneno kinywani?" Akaketi mkekani karibu na Mwanaidi. "Mwanangu, hujambo? Nani alikuletea nazi ukafue?"

Akashika pindo la nguo yake, akalikunja na kulikunjua. Nilitaka kudakia, mzee akaniinulia kidole.

"Bwana Sefu," akasema Mwanaidi. "Makumbi akaniambia nikayafukie shimoni kwa mkewe. Nisiseme, atanipa kanga. Hajanipa."

"Twende ukatuonyeshe."

Tukateremka matopeni, wanawake wanakoozesha makumbi ya kusokotea kamba. Mashimo ni mengi, kwangu yote sawa. Mwanaidi alikwenda moja kwa moja kwenye shimo la mke wa Sefu, akafukua kwa mikono. Makumbi yakatoka mabichi bado, na juu yake alama ya panga ya yule tajiri, maana kila mwenye shamba huchonga yake kwenye nazi zake.

"Punguani ananisingizia!" akapiga kelele Sefu.

"Na alama kaichonga yeye?" akauliza Mzee Mbaruku.

Hamisi akarudi kwake siku ile ile. Mimi nikarudi na matope mpaka magotini, na diploma yangu.

Mwanangu, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Sikwambii kila mwenye akili nzito husema kweli. Naye ni binadamu, aweza kukosea au kudanganya, kama Sefu mwenye akili zake timamu. Nakwambia mpime kwa haki. Muulize kwa maneno mepesi, jambo moja moja. Usimtajie jibu, usimharakishe, usimpime kwa tarehe na hesabu. Mwache akuonyeshe, kisha nenda ukatazame kwa macho yako. Mimi nilifanya hivyo miaka yote iliyofuata, na hakuna karani wa pwani hii aliyenishinda kuhoji. Hilo nalisema bila haya.

Mungu akupe subira ya kusikiliza, na asikujaalie siku ambayo mnyonge atasema kweli mbele yako ukacheka. Amin.