Gari Lisilokunywa Maji

Nilipaswa kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi, na maisha yangu yote nilikuwa nalitumia kwa mambo yasiyostahili: kwa watoto walioomba kwenda kwenye mpira, kwa mke wangu aliyeomba dirisha la jiko lipanuliwe. Lakini Jumapili ile baada ya misa, katekista alipotuonyesha gari la mgongo wa kobe lililokuwa likiozea nyuma ya ghala la parokia na kuniambia, "Mzee, ukiweza kulivuta ni lako, sisi tunataka nafasi tu," niliitikia kabla hajafunga mdomo. Niliitikia kama bwana harusi.

Mke wangu alikuwa amesimama kando yangu. Wiki hiyohiyo alikuwa ameniambia kwamba mama yake, aliyekuwa akiishi Kaoze, kule chini bondeni, macho yalianza kumwisha, na kwamba tukishavuna ulezi twende tukamwone wakati bado anaweza kuutambua uso wa mwanawe. Yule mama hakuwa mtu wa kupanda huku kwetu juu. Alikuja mara moja tu, akajifunika blanketi mchana kutwa, akasema nchi hii Mungu aliiumba akiwa na homa.

"Sasa utakwenda kwa mama na gari lako," nilimwambia mke wangu, nikilipiga lile kopo mgongoni. Kuku wawili wakatoka kwenye dirisha la nyuma wakipiga kelele.

"Na hawa abiria?" akauliza.

Katekista alicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa tayari mtu mwenye gari.

Tulilivuta kwa trekta ya jirani hadi nyumbani Pito. Lilikuwa gari la kipumbavu tangu lilipobuniwa. Injini iko nyuma, buti iko mbele, kama mtu aliyevaa shati kinyume akaenda nalo kanisani. Halina rejeta, injini yake hupozwa kwa upepo wa feni. Wanaolipenda, na kila mji una wazee wake wa namna hiyo, husema kwa majivuno, "Hili halinywi maji," kana kwamba magari ya wenzao ni walevi. Nami nikajiunga nao. Vijana wa mjini walikuja kujipiga picha pembeni yake, wakisema, "Mzee, hii ngoma poa sana," kisha wakaenda zao kupanda bodaboda, maana hawakuwa wajinga.

Pesa ya kumpa fundi sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo nisingempa. Babu zetu sisi Wafipa waliyeyusha chuma kwenye tanuru za udongo, kwa hiyo nilidhani chuma chochote duniani ni ndugu yangu. Elimu yangu ya sekondari nayo ilinidanganya. Nilikuwa nakumbuka mchoro mmoja wa injini ubaoni, nikaona unatosha.

Injini niliishusha juu ya magunia, nikaifungua stoo katikati ya vihenge. Vyuma niliviosha kwa dizeli ndani ya beseni ambalo mke wangu alilitumia kuloweka ulezi wa kimea. Alilisugua kwa majivu mpaka mikono ikamchubuka, na bado pombe aliyopika ilinuka gereji. Wageni waliinywa na kuisifu. Mmoja alisema ina nguvu. Pistoni zilikuja na basi kutoka Mbeya, za mtumba, mbili za gari hili na mbili za gari lingine. Gasketi nilizikata kutoka kwenye boksi la sabuni. Valvu nilizipekecha kwa mikono, kijiti kikizunguka viganjani kama mtu anayetafuta moto kwa vijiti, na kila jioni niliingia ndani nikiwa mweusi hadi kwenye nyusi, nimeridhika kama padri aliyetoka kubatiza.

Ulezi ukavunwa. Mke wangu akauliza. Nikasema, "Imebaki kabureta." Ulezi ukapurwa, akauliza tena. "Subiri kidogo, mama. Unataka ukamsalimie mama mkwe wangu ukiwa umebanwa na mabeseni ya dagaa?" Basi la bondeni lilikuwa likipita kila asubuhi, likipiga honi kwenye kona yetu. Nililitukana kila lilipopita.

Nilipomaliza kuifunga injini, yalibaki mabati. Yalikuwa mabati mapembe mapembe yaliyokaa chini na pembeni mwa silinda, mengine yameliwa na kutu, mengine yamepinda hayaingii. Nilihangaika nayo kutwa nzima, kisha nikayatupa uani. Mke wangu akayaokota.

"Haya mbona yamebaki?"

"Ni mapambo tu. Hayafungi kitu."

"Aliyeitengeneza aliweka mapambo chini ya gari, mahali pasipoonekana?"

"Hayo ni ya kuelekeza upepo. Mama, hapa ni Ufipa! Upepo wa Julai hapa unapoza hata injini ya treni."

Alilipindua bati moja mkononi. Hakujua lolote kuhusu injini, na hakujifanya anajua. Alikuwa mtoto wa bondeni tu. "Kaoze hakuna Julai," alisema.

Nilicheka sana. Nilikwenda kumsimulia jirani wa trekta, naye akacheka. Yale mabati mke wangu aliyatumia kuziba banda la kuku mahali kicheche alipokuwa akiingilia, na mpaka leo yangali pale, yakifanya kazi.

Injini iliwaka. Nalitaja jambo hili kwa sababu ndilo lililoniharibu kabisa. Niliendesha katikati ya baridi hadi Chala na kurudi, nimevaa koti zito, na gari halikuchemka hata kidogo. Watu wa sokoni walinipungia mikono. Nikajiona nimeshinda, na safari ya Kaoze nikaisogeza mbele hadi nipate rangi ya kulipaka.

Ilipofika Oktoba, shemeji yangu alipiga simu jioni. Alitaka kuongea na dada yake. Nilisikia sauti yake ikitoka kwenye simu: "Dada, njoo. Mama hali chakula. Anakuulizia wewe tu."

Mke wangu alifunga nguo zake kwenye kanga. "Kesho nitawahi basi," akasema.

"Basi! Na gari liko uani?"

"Baba, mimi nataka kufika tu."

"Utafika. Na utafika kwa heshima."

Nilimpigia shemeji nikamwambia tunakuja na gari. Asubuhi basi lilipiga honi kwenye kona, akaligeukia, kisha akafungua mlango wa gari langu akakaa. Najua sasa kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya mwisho yeye kunitii.

Tulishuka mlima vizuri, mimi nikipiga miluzi. Chini ya mlima joto la bonde lilituingia kama tumefungua mlango wa tanuru. Barabara ilikuwa mchanga, nami nilikuwa nimekanyaga mafuta nikiwa gia ya pili. Feni, bila mabati, ilikuwa ikivuta hewa ya moto kutoka chini ya gari na kuirudishia injini hewa ileile. Kwanza nguvu zilipungua. Kisha harufu ya oili iliyoungua. Kisha kishindo cha kugonga, halafu kimya. Injini ilikuwa imenoki, imeshikana kama saruji.

Nilifungua kifuniko, nikasimama pale nimeshika spana. Sijui nilitaka kufungua nini. Mke wangu alikaa kivulini mwa mgunga, kanga yake mapajani. Simu hazikushika mtandao. Mchana ukapita. Mfugaji mmoja, wa wale waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa na ng'ombe wao, alikuja na mkokoteni wa maksai, akaliangalia gari.

"Shikamoo babu. Huyu ng'ombe wako amelala?"

"Marahaba. Amekufa," mke wangu alijibu badala yangu. "Mwanangu, tufikishe Kaoze."

Tulikwenda kwa mwendo wa ng'ombe. Tulipoukaribia mji wa mama mkwe, jua lilikuwa limezama, na tulisikia vilio kabla hatujaona taa. Shemeji alitupokea njiani. Alisema mama alifariki mchana, na kwamba basi la asubuhi lilipofika alitaka kujua kama mwanawe ameshuka. Walimwambia yuko njiani, anakuja na gari.

Mke wangu hakunitukana, si siku ile wala baada ya mazishi. Matanga yalipoanuliwa nilimwambia turudi. Alisema mimi nitangulie. Gari liko palepale mchangani, nimesikia kuku wamerudi kutaga ndani.

Hatujaachana; mbele ya Kanisa ni mke wangu. Anaishi Kaoze katika nyumba ya mama yake, mimi naishi Pito peke yangu. Nilimwambia angoje gari, na kwa sababu hiyo mama yake alikufa akimwita, naye hakurudi kwangu.